UZI: Watoto walioporwa Argentina, vyeti vyao vya kuzaliwa, na chaneli za TV zilizonyamaza kisha zikawatafuta

#1 Kabati la Kale

Wakuu, heshima kwenu.

Humu jukwaani haupiti mwezi bila uzi wa kulalamikia NIDA au foleni ya cheti cha kuzaliwa. Leo niwapeleke mbali kidogo, Argentina, nchi ambayo wengi wetu tunaijua kwa Maradona na Messi. Huko kuna watu wamekaa miaka thelathini, arobaini na vitambulisho halali: namba halali, muhuri halali, picha yao wenyewe. Kumbe jina, tarehe na wazazi waliomo humo ni uongo mtupu. Na televisheni imo kwenye kisa hiki tangu asubuhi ya kwanza. Nitashusha kwa vipande, mnivumilie.

Tarehe 24 Machi 1976 jeshi lilipindua serikali. Redio na TV zote ziliunganishwa, zikawa zinasoma matangazo ya jeshi moja baada ya jingine, yote yana namba. Watu wa mpira wanalikumbuka tangazo namba 23: liliruhusu mechi ya timu ya taifa dhidi ya Poland irushwe kama ilivyopangwa. Bunge limefungwa, watu wanabebwa usiku majumbani, lakini mpira ukapigwa kule Chorzów na nchi ikatazama. Argentina wakashinda 2-1.

Enzi hizo chaneli kubwa za Buenos Aires zilikuwa nne na ziliitwa kwa namba: 7, 9, 11 na 13. Zile tatu zilizokuwa za watu binafsi serikali ilishazichukua mwaka 1974, kwa hiyo wanajeshi hawakuwa na haja ya kumnyang'anya mtu. Waligawana tu. Chaneli 9 ikaenda kwa jeshi la nchi kavu, 11 kwa jeshi la anga, 13 kwa jeshi la majini, na 7 ikabaki chini ya ikulu. Shikeni hizo namba, hasa 11 na 13. Zitarudi.

Huku nyuma, watu walikuwa wanatekwa na kupotezwa: wanafunzi, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, waandishi, na yeyote aliyetajwa kwenye daftari la rafiki yake. Walipelekwa kwenye magereza ya siri. Lililovuma zaidi ni ESMA, chuo cha ufundi cha jeshi la majini, katikati ya mtaa wa watu wenye nafasi zao jijini Buenos Aires. Miongoni mwa waliotekwa walikuwemo wanawake wajawazito. Hao waliachwa hai mpaka wajifungue. Wakishajifungua, mtoto anachukuliwa, mama anauawa. Wengine walitekwa pamoja na watoto wao wadogo. Makadirio ya mabibi waliokuja kuwatafuta, nitawaeleza mbele, ni watoto wapatao 500.

Hao watoto walikwenda wapi? Wengi waliingizwa kwenye nyumba za watu, nyingine zikiwa nyumba za wanajeshi na polisi wenyewe, wakaandikishwa upya.

Inaendelea.

#2 Chuma Ulete

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Shusha mkuu.

#3 Mtoto wa Bandari

Yaani mapinduzi yanaendelea na mpira unarushwa? Hawa jamaa walijua watu wao.

#4 Kabati la Kale

Twende kwenye karatasi sasa, maana hapo ndipo penye mambo.

Njia iliyotumika sana ilikuwa rahisi kiasi cha kutisha. Daktari au mkunga, mara nyingi wa jeshi au polisi, anasaini fomu kwamba bibi fulani amejifungua nyumbani kwake tarehe fulani. Mume anaipeleka ofisi ya sajili ya raia, Registro Civil. Karani anaandika. Cheti kinatoka, na kwa cheti hicho mtoto anapata DNI, kitambulisho chao cha taifa ambacho kipo kwa sheria ya mwaka 1968. Hakuna karatasi iliyoghushiwa kwa maana ya kuchapwa uchochoroni. Kila ofisi ilifanya kazi yake sawasawa. Uongo uliingilia mlango mmoja tu, ile sahihi ya daktari, ukishapita pale unabebwa na serikali yenyewe. Daktari mmoja wa polisi wa jimbo la Buenos Aires, Jorge Bergés, alikuja kuhukumiwa kwa mambo haya.

Namba za DNI zinakwenda kwa mfululizo. Mwenyeji wa kule ukimtajia namba yako anakukisia umri hapohapo. Waliozaliwa nusu ya pili ya miaka ya 70 wako kwenye milioni 25 hadi 28 hivi. Mtoto aliyeporwa naye akapata namba katika mkumbo huohuo wa rika lake. Ukimpanga foleni na wenzake huwezi kumtofautisha.

Na hii ndiyo nchi iliyoufundisha ulimwengu kutambua mtu kwa kidole! Juan Vucetich, mhamiaji kutoka Kroatia aliyekuwa polisi wa La Plata, alianza kupanga alama za vidole mwaka 1891, na mwaka uliofuata alama hizo zikatumika kumpata muuaji katika kesi ya Francisca Rojas huko Necochea. Karne haijafika, dola ileile ikatumia daftari lake kuwapoteza watoto.

Njia ya pili: mtoto anatupwa kituo cha yatima bila jina, kisha hakimu wa watoto anampa familia kwa taratibu za kuasili. Baadhi ya familia hizo hazikujua kitu. Walipewa mtoto na mahakama, wakashukuru Mungu, wakalea.

Kuna kisa kimoja napenda kukitaja kwa sababu kinaonyesha karatasi ikishindana na mwili. Msichana mdogo, Paula, alitekwa pamoja na wazazi wake Montevideo, Uruguay, Mei 1978. Alikuwa amekaribia miaka miwili. Ofisa wa polisi akamwandikisha kama mwanawe wa kumzaa, tena kama mtoto mchanga. Kwa hiyo kwenye karatasi alikuwa mdogo kuliko mwili wake kwa takriban miaka miwili, na shuleni akaanza na watoto wadogo kwake. Bibi yake mzaa mama akamtafuta, akampata, kesi ikaenda mahakamani, na Desemba 1984 akarudishwa kwao. Ndiye mtoto wa kwanza kurudishwa kwa ushahidi wa damu.

#5 Karani Mstaafu

Mleta uzi, nimefanya kazi ya kuandikisha vizazi na vifo muda mrefu kabla sijastaafu, naomba niongeze hapo kwenye mlango mmoja.

Msajili hazalishi. Hakuwepo chumbani. Kazi yake ni kuamini karatasi iliyoletwa ikiwa na sahihi ya mtu anayeruhusiwa kusaini. Ndiyo maana daftari la vizazi lina nguvu kubwa kuliko ukweli wenyewe: likishaandikwa, hata mama aliyezaa akija na uchungu wake ataambiwa alete ushahidi.

Lakini daftari hilohilo linasema sana kwa anayejua kulisoma. Ningepewa madaftari ya miaka hiyo, kwanza ningetafuta waliozaliwa nyumbani ilhali wazazi wanakaa mjini karibu na hospitali na mume ana kazi ya serikali yenye matibabu ya bure. Mke wa ofisa wa jeshi anazalia nyumbani kwa sababu gani? Halafu ningetazama pengo kati ya siku ya kuzaliwa na siku ya kuandikishwa. Halafu sahihi. Mkunga mmoja akiwa amesaini vizazi vya nyumbani vya familia za askari tu, na zote hazikai mtaa mmoja, hapo unaanza kuuliza maswali.

#6 Kabati la Kale

Karani, umenitangulia! Hivyo ndivyo wanavyofanya. Mwaka 1992 serikali iliunda tume ya kitaifa ya haki ya utambulisho, CONADI. Mtu mwenye mashaka akienda, kabla ya kumtoa damu wanaanza na cheti chake: nani alisaini, mtoto alizaliwa wapi, akaandikishwa lini. Karatasi ikinuka ndipo wanamtuma kupimwa vinasaba.

#7 Mama Nuru

Hao mabibi uliowataja. Usituache hapo.

#8 Kabati la Kale

Mama Nuru, nakuja kwao sasa.

Oktoba 1977, katikati ya utawala wa kijeshi, wanawake ambao mabinti zao walitekwa wakiwa na mimba waliungana. Leo wanaitwa Abuelas de Plaza de Mayo, mabibi wa ule uwanja ulio mbele ya ikulu. Walikuwa walimu, mama wa nyumbani, watu wa kawaida kabisa. Walikutana kwenye migahawa wakijifanya wanasherehekea siku ya kuzaliwa ya mmoja wao, kumbe wanapanga majina na tarehe za kujifungua. Walisimama nje ya shule za chekechea wakitazama nyuso.

Tatizo lao lilikuwa hili: ukimpata mtoto, utathibitishaje ni wako? Kupima uzazi kunahitaji baba au mama, na hao wameshauawa. Mabibi wakazunguka Ulaya na Marekani wakiwauliza wanasayansi swali moja: je, damu ya bibi inatosha? Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Mary-Claire King, akafanya kazi na madaktari wa Buenos Aires wakapata hesabu ya uwezekano kwa kutumia babu na bibi, na wajomba na mashangazi pale inapobidi. Baadaye wakaongeza zile chembe za urithi zinazopita kwa mama pekee, kutoka bibi kwenda kwa binti kwenda kwa mjukuu bila kuchanganyika. Mwaka 1987 bunge likapitisha sheria ya Benki ya Taifa ya Takwimu za Vinasaba. Mabibi wakaacha damu yao humo, wakijua wengi wao watakufa kabla mjukuu hajabisha hodi.

Ukiwauliza mabibi, kazi yao iligusa mpaka kwetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 una vifungu vya 7, 8 na 11 ambavyo Argentina ilivisukuma, wenyewe wanaviita vifungu vya Kiargentina. Cha 8 kinasema mtoto aliyenyimwa utambulisho wake kinyume cha sheria, dola inapaswa kumsaidia aurejeshe upesi.

#9 Wakili wa Mtaa

Kenya tuliridhia huo mkataba 1990, Tanzania 1991. Kwa hiyo hicho kifungu cha 8 kinatuhusu sote hapa. Nimekifundisha miaka na sikuwahi kuwaambia wanafunzi kwamba nyuma yake kuna nyanya waliokuwa wakisimama nje ya chekechea. Shukran.

#10 Mtoto wa Bandari

Sawa, lakini ulituahidi TV. Chaneli 11 na 13 ziko wapi?

#11 Kabati la Kale

Haya, TV.

Kombe la Dunia 1978 lilichezwa Argentina. Jeshi lilijenga kituo kipya cha kisasa cha chaneli 7 ili kurusha mechi kwa rangi. Sasa sikieni: rangi zilikwenda nje. Dunia ikaona jezi za bluu na nyeupe, wenyeji nyumbani wakaangalia nyeusi na nyeupe. Matangazo ya kawaida ya rangi yalianza Mei 1980. Fainali ilikuwa 25 Juni 1978, Argentina 3, Uholanzi 1, uwanja wa River Plate. Kutoka uwanjani hadi ESMA ni mwendo wa miguu. Walionusurika wamesimulia mahakamani kwamba walisikia makelele ya mashabiki wakiwa wamefungwa vitambaa machoni.

Siku iliyofuata, 26 Juni, msichana wa miaka 23 aitwaye Laura Carlotto alijifungua mtoto wa kiume akiwa kizuizini. Akakaa naye saa chache tu. Miezi miwili baadaye akauawa. Mama yake, Estela de Carlotto, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alikabidhiwa maiti, jambo lililowapata wachache. Mwaka 1985 mwili ulifukuliwa na wataalamu wa mifupa wakathibitisha kwamba Laura alikuwa amezaa. Basi bibi akajua kwa hakika kuna mjukuu mahali fulani, ana DNI ya jina lisilo lake.

Demokrasia ilirudi Desemba 1983. Tarehe 4 Julai 1984 tume iliyochunguza waliopotezwa ikapewa kipindi cha televisheni, ndugu wa waliopotea na walionusurika wakazungumza mbele ya nchi nzima. Kilirushwa chaneli gani? 13. Ile ya jeshi la majini. Na bado waziri wa mambo ya ndani alitangulia kuongea kabla ya kipindi, kuwatuliza wanajeshi waliokuwa wamekasirika.

Mwaka 1985 majenerali wakafikishwa mahakamani. Kamera za chaneli 7 zilirekodi kesi nzima, saa 530 za kanda. Wananchi waliona nini kwenye TV? Dakika tatu kwa siku, bila sauti. Midomo inacheza, maneno hakuna. Waliogopa hata sauti ya shahidi. Mwaka 1988 majaji wenyewe waliona hali si shwari, wakapeleka nakala ya kanda 147 Oslo, Norway, zikahifadhiwe huko.

#12 Chuma Ulete

Dakika tatu bila sauti. Mkuu hiyo ni dharau iliyovaa suti.

#13 Jicho la Tatu

Naomba nipinge kidogo, msinirushie mawe. Mtoto amelelewa, amesomeshwa, anawapenda waliomlea na hajui lolote. Anakuja bibi asiyemjua, anaambiwa jina lako si lako, baba yako mhalifu. Hapo mmemsaidia au mmemvunja? Si angeachwa tu.

#14 Kabati la Kale

Jicho la Tatu, swali lako ndilo lililorushwa kwenye TV mwaka 1994, karibu kwa maneno hayohayo.

Kulikuwa na mapacha wa kiume, wenye umri wa ujana, waliokuwa wamelelewa na ofisa wa polisi. Vinasaba vikaonyesha wazazi wao halisi ni watu waliopotezwa. Mahakama ikawatoa nyumbani kwa yule ofisa. Wakaonekana kwenye televisheni wakisema wanataka kurudi kwa waliowalea. Nchi ikalia nao. Kwa muda mabibi wakaonekana wanawake wakatili wanaong'oa watoto majumbani. Kamera ilimwonyesha mtoto anayelia, kwa sababu huyo yupo. Mama aliyeuawa hayupo wa kulia mbele ya kamera. Kwangu hapo ndipo TV ilipofanya kazi mbaya kuliko hata zile dakika tatu, maana zile zilinyima habari, hii ilitoa nusu ya habari kwa sauti kubwa.

Sheria ya kule imeliona hivi: kumficha mtoto utambulisho ni kosa linaloendelea kila siku mpaka siku ukweli unapojulikana. Ndiyo maana zile sheria za kuwasamehe wanajeshi za 1986 na 1987 hazikugusa wizi wa watoto. Jenerali Videla, kiongozi wa yale mapinduzi ya 1976, aliyekuwa amesamehewa mengine, alikamatwa tena 1998 kwa hili hili, na Julai 2012 akahukumiwa miaka 50 kwa mpango wa kupora watoto. Alifia gerezani mwaka uliofuata.

#15 Mama Nuru

Jicho la Tatu mdogo wangu, mimi nimelea mtoto asiye wa tumbo langu. Ana miaka yake sasa, anajua mama yake alifariki, anajua kaburi liko wapi, Idi tunakwenda wote kusoma dua. Upendo haukupungua hata chembe. Aliyeiba ndiye anayeogopa mtoto kujua. Usiwachanganye walezi na wezi.

#16 Jicho la Tatu

Mama nimekuelewa. Ila wapo waliokataa hata kupimwa, au nao niwaite wezi?

#17 Kabati la Kale

Hapana, na hilo limewasumbua hata majaji. Mwaka 2009 ilipita sheria inayomruhusu hakimu kuagiza vinasaba vichukuliwe, hata kutoka kwenye vitu vya mtu kama nguo au mswaki, akikataa kutoa damu. Wengine wanaona ni kumvunjia mtu heshima yake. Wengine wanasema yeye ni mwathirika na pia ni ushahidi wa mauaji ya mama yake, huwezi kumtenganisha. Mimi nakubaliana na hawa wa pili, ila kwa shingo upande.

Kesi iliyovuma kuliko zote inaturudisha kwenye chaneli 13. Rais Menem alibinafsisha chaneli 11 na 13 mwishoni mwa 1989. 13 ikaenda kwa kampuni ya gazeti la Clarín. Mmiliki wake, Ernestina Herrera de Noble, alikuwa ameasili watoto wawili mwaka 1976, na mabibi walishuku karatasi za kuasili hazikukaa sawa. Mvutano ulidumu miaka, ukawa siasa kali kati ya serikali na vyombo vya habari, kila upande na chaneli zake. Mwaka 2011 vinasaba vikalinganishwa na vya familia zilizomo kwenye benki. Havikulingana na yeyote. Nalitaja kwa sababu benki ya vinasaba ina kazi mbili: kusema ndiyo, na kusema hapana. Aliyeshutumiwa naye anahitaji jibu.

#18 Mtoto wa Bandari

Na 11?

#19 Kabati la Kale

11 ndiyo niliyokuwa naisubiri.

Baada ya kubinafsishwa ikaitwa Telefe. Mwaka 2006 Telefe ikarusha tamthilia ya kila usiku, Montecristo. Kwa juu ni visasi na mapenzi, zile za kufanya watu wakimbilie nyumbani. Ndani yake kuna mhusika anayekuja kugundua kwamba ni binti wa watu waliopotezwa. Tamthilia ikavuma nchi nzima, na simu za vijana wenye mashaka zikaongezeka kwenye ofisi ya mabibi.

Nadhani mnaona sababu. Kijana anayeshuku asili yake hawezi kukaa sebuleni kwa yule askari mstaafu akafungua kipindi cha haki za binadamu. Atajitangaza. Lakini tamthilia ya saa nne usiku inatazamwa na nyumba nzima, mama yule anatazama, baba yule anatazama, na kijana katikati yao anayapokea maneno yake kimyakimya. Mabango na mikutano ya waandishi vilifanya kazi miaka ishirini. Tamthilia ilipenya mahali ambapo bango halifiki.

Oktoba 2007 Telefe wakarudi na filamu fupi tatu, Televisión por la Identidad, mojawapo ikiwa ya Juan Cabandié, aliyezaliwa ndani ya ESMA, akalelewa na mtu wa usalama wa polisi, na akarudishiwa utambulisho wake 2004. Mwaka 2008 zikachukua tuzo ya kimataifa ya Emmy. Chaneli iliyokuwa ya jeshi la anga.

Kombe la Dunia 2014, Messi, Mascherano na Lavezzi wakatokea kwenye tangazo la mabibi: tumekutafuta makombe kumi ya dunia. Hesabu inaanzia 1978.

Na mwaka huohuo, mwanamuziki wa Olavarría aitwaye Ignacio, anayepiga piano ya jazi, akaambiwa kwamba waliomlea, watu wa shambani, hawakumzaa. Miaka kadhaa nyuma alishawahi kupiga kwenye tamasha la mabibi bila kujua chochote. Akajipeleka mwenyewe kupimwa. Tarehe 5 Agosti 2014 jibu likatoka: mwana wa Laura, mjukuu wa Estela, yule bibi aliyekuwa mwenyekiti wa mabibi tangu 1989. Alikuwa wa 114 kupatikana. Mkutano wa waandishi ulirushwa mubashara na kila chaneli, safari hii na sauti. Kwenye karatasi mpya akachagua kubaki Ignacio na kuchukua majina ya ukoo: Ignacio Montoya Carlotto. Bibi yake miaka yote alimwita Guido, jina ambalo Laura alitaka. Aliliheshimu lakini hakulivaa.

#20 Karani Mstaafu

Kubadilisha cheti cha mtu mzima wa miaka 36 ni kazi, ndugu zangu. Si jina tu. Kuna shahada, leseni, mikataba ya nyumba, vyeti vya watoto wake wakiwepo. Kila daftari linabidi lifunguliwe. Heri yeye serikali ilikuwa upande wake. Mimi nimewaona watu wazima wakirudishwa mara nyingi kwa herufi moja tu ya jina la baba.

#21 Wakili wa Mtaa

Idadi yao sasa ni wangapi? Na serikali ya sasa ya Milei imelichukuliaje, maana nasikia amefyeka ofisi nyingi.

#22 Kabati la Kale

Hadi Julai 2025 waliopatikana walifika 140. Waliobaki ni watu wa miaka arobaini na kitu kuelekea hamsini, wengine wana wajukuu wao sasa, kwa hiyo uongo unarithishwa kwenye vyeti vya kizazi cha tatu.

Kuhusu Milei, Agosti 2024 alifuta kwa amri kitengo maalumu cha uchunguzi cha CONADI, ambacho ndicho kilikuwa kinafukua mafaili ya serikali na kupeleka mahakamani. Hoja yake: kazi ya kuchunguza ni ya mahakama. Mabibi wakapinga vikali. Wachache sana kati yao wako hai. Benki ya vinasaba ipo, lakini mtu wa kufungua daftari alilolisema Karani hapo juu, na kuuliza kwa nini mkunga huyu amesaini vizazi hivi, huyo ndiye aliyeondolewa.

#23 Chuma Ulete

Mkuu swali la mwisho. Hao walioporwa wengine si wako nje ya Argentina? Mtu anaweza kuwa anakaa Madrid au hata huku kwetu. Anafanyaje?

#24 Kabati la Kale

Wapo, na wengine wamepatikana hivyo. Wanaelekezwa kwenda ubalozi au konseli ya Argentina walipo, damu au mate yanachukuliwa na kupelekwa Buenos Aires kulinganishwa, bila malipo. Anayehusika ni yeyote aliyezaliwa kati ya 1975 na 1983 mwenye mashaka na karatasi zake. Kwa huku, ubalozi wao uko Nairobi.